Chanya Kabisa

Kazini walimwita Darubini. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, akisema darubini ni ya kutazamia nyota, chombo chake yeye ni hadubini, ya kutazamia vijidudu, lakini nani ana muda wa mambo hayo? Jina likaganda. Walimpa kwa sababu kila ukiingia maabara ya maji ulikuta kisogo chake tu, uso umezama kwenye chombo, na ukimsalimia alikujibu humo humo bila kunyanyua kichwa. Alikuwa mpimaji hodari. Chupa ya maji ikiletwa leo, kesho kutwa jibu lilikuwa tayari, na jibu lake halikuwahi kukosea. Nasema halikuwahi kukosea, na nalisema makusudi, maana kuna mwanamke aliyekufa kwa jibu lililokuwa sahihi.

Basi, maabara ikapata nafasi moja ya mafunzo ya siku nne. Wataalamu wa sayansi walikuwa wanakusanywa wafundishwe kuzungumza na watu wa kawaida, kwa sababu ilionekana, na ni kweli tupu, kwamba mtaalamu akifungua mdomo watu husinzia au hukimbia. Mkuu wa maabara akamteua Darubini.

"Wewe hujui kuongea," akamwambia, "kwa hiyo ndiye hasa unayefaa."

Ofisi ikacheka, naye akacheka nao. Kisha Mkuu akamkabidhi kazi ya kwenda nayo. Siku ya mwisho kila mshiriki angesimulia tukio moja la kweli kutoka kazini kwake, dakika tano, na masimulizi hayo yangechapwa kwenye kitabu cha kufundishia cha maabara zote.

"Sisi tutatoa lile la kisima," Mkuu akasema. "Lina fundisho. Wananchi wanavyokaidi matangazo, na matokeo yake."

"Sawa, mkuu," akasema Darubini.

Lile la kisima, kama lilivyoandikwa kwenye ripoti, lilikuwa hivi. Mtaa mmoja wa pembezoni ulikuwa na kisima cha pampu, kimezungushiwa seng'enge, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Funguo zilikuwa kwa mwanamke mmoja ambaye watu walimwita Mama Funguo. Kila asubuhi alifungua, akapanga foleni ya ndoo, akaamua ugomvi wa waliorukiana zamu, na jioni akafunga. Baada ya mvua kubwa maabara ilichukua maji yake kwenda kuyapima, ikaagiza kisima kifungwe mpaka majibu yatoke. Siku tatu mtaa mzima ukahangaika. Siku ya nne tangazo likabandikwa mlangoni pa kisima. Haikupita nusu saa, Mama Funguo akafungua kufuli, akachota kikombe, akanywa yeye wa kwanza mbele ya watu, kisha akawaambia wapange ndoo. Kufikia jioni ya kesho yake watu kumi na wanne walikuwa hospitali wakitapika na kuharisha. Kumi na watatu walipona. Ripoti ikasema msimamizi alifungua kisima kinyume cha tangazo la maabara, na hivyo alijiletea kifo na kuwaletea wenzake maradhi. Jumba bovu likamwangukia marehemu, na marehemu hana mdomo wa kujitetea.

Ripoti haikunukuu tangazo lenyewe. Nalinukuu mimi: MATOKEO YA KIPIMO CHA MAJI YA KISIMA HIKI: CHANYA. WANANCHI MZINGATIE.

Aliyeandika ni Darubini. Kule maabara, kipimo kikiwa chanya maana yake ni kwamba kilichokuwa kikitafutwa kimeonekana, na kilichokuwa kikitafutwa pale ni vijidudu vya kipindupindu. Mpimaji yeyote angesoma vile akaruka nyuma hatua tatu. Lakini huku nje sisi tunaijua chanya nyingine. Mwalimu akisema mtoto wako ana mwelekeo chanya, unarudi nyumbani umejaa furaha. Redio inatuhubiria fikra chanya asubuhi hadi jioni. Sasa mtu aliyekaa siku tatu bila maji akiona CHANYA kwa herufi kubwa, afikirie nini? Na mzingatie, wazingatie nini? Hata wewe ungebeba ndoo.

Hilo peke yake lilikuwa baya. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulijua Mkuu wala mwandishi wa ripoti wala mtu yeyote aliye hai isipokuwa Darubini. Chini ya tangazo kulikuwa na namba ya simu ya maabara. Asubuhi ile simu ililia, akaipokea kwa mkono wa kushoto, jicho liko palepale kwenye lenzi.

"Maabara."

"Habari za kazi, mwanangu. Mimi ndiye mwenye funguo za kisima. Naona hapa mmetuandikia chanya."

"Ndiyo, mama."

"Nimeona nihakikishe kwanza kabla sijagusa kufuli. Ni chanya kweli?"

Chupa kumi na moja zilikuwa zinamngoja mezani. Aliudhika kidogo, kwa nini tusiseme ukweli. Alichukia kuulizwa mara mbili.

"Mama, ni chanya. Chanya kabisa."

"Chanya kabisa. Haya, asante, mwanangu. Mungu akuweke."

Sekunde ishirini, labda. Simu ikakatwa, naye akaendelea kuhesabu vijidudu.

Sauti ilianza kumjia wiki ya tatu baada ya mazishi. Mizimu ya hadithini huja usiku, upepo ukivuma na mbwa wakilia. Huyu hakuwa na mambo hayo. Alikuja saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wanakorogea sukari kwenye chai. Darubini alikuwa anaosha vioo kwenye sinki akasikia nyuma ya sikio lake, kwa upole wa mama anayemshukuru mtoto aliyemshikia mzigo: asante, mwanangu. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kuandika jibu la kipimo na kuweka nukta, shukrani ilifuata. Na kilichomtesa ni kwamba sauti haikuwa na hasira hata chembe. Angekuja na laana angemjibu, angejitetea, angesema nilikuwa na kazi nyingi, neno ni sahihi, kamusi hii hapa. Utajiteteaje kwa mtu anayekushukuru?

Akanyamaza miezi kumi na moja. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa wa miguu na watoto wawili wa marehemu kaka yake, na wote walikula kwa mshahara ule. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mtu mwenye watoto wa kulisha huona afadhali aumbuke kesho kuliko leo.

Mafunzo yalifanyika ghorofa ya pili ya jengo la ofisi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, feni moja inayolalamika, na karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyetangaza redioni miaka ishirini. Hakupenda mchezo. Siku ya kwanza aliwaambia kila mtu asome sentensi moja aliyowahi kuwaandikia wananchi, iwe ya kweli, isirekebishwe.

Aliyeanza ni mtaalamu wa wadudu, mwanamume mnene mcheshi ambaye kufikia chai ya kwanza alikuwa ameshabatizwa Bwana Mbu. Alikohoa, akasoma: "Wakazi mnajulishwa kwamba Jumatatu madume tasa elfu kumi yataachiliwa mtaani kwenu."

Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Madume ya mbu," Bwana Mbu akajitetea. "Wanatolewa uzazi maabara, wakiachiliwa wanapanda majike, mayai hayaanguliwi, mbu wanapungua. Ni sayansi nzuri sana. Lakini neno mbu lilikuwa kwenye kichwa cha barua, na kichwa cha barua hakuna aliyekisoma. Akina mama walikuja ofisini wakiongozwa na bibi mmoja mwenye fimbo. Aliniambia, mwanangu, hao elfu kumi wa nini, hawa tulio nao wanatutosha."

Hata Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani. Darubini alicheka pia, kisha akaacha, kwa sababu zamu yake ilikuwa inakuja. Ilipofika akasoma sentensi nyingine, ya chumvi kwenye maji ya bomba, ambayo haikuwa na madhara kwa mtu. Mkufunzi akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akamwita mwingine.

Siku ya pili kukawa na kiti. Mkufunzi alikiweka kiti kimoja kitupu mbele ya ukumbi, akasema ndiyo njia yake ya kazi tangu redioni. "Ukisema na watu wote, husemi na mtu. Mwite mtu mmoja unayemfahamu, asiyejua kazi yako, umkalishe hapa. Mweleze yeye. Ukiona amekunja uso, rudia kwa maneno mengine. Hutoki mbele mpaka awe ameelewa."

Bwana Mbu alimkalisha mjomba wake, akamfafanulia madume tasa kwa kutumia majogoo, na hakuna aliyebaki bila kuelewa. Zamu ya Darubini, Mkufunzi akamuuliza anamkalisha nani.

"Jirani yangu," akasema.

Akaanza. Alimweleza jirani jinsi maji yanavyochukuliwa, chupa inavyofungwa, siku ngapi zinahitajika. Alikuwa anakwenda vizuri. Kisha akasema, "Na tukikuta vijidudu, tunaandika kwamba kipimo ni," na pale sentensi ikamgomea. Kiti cha plastiki kilitoa mlio mdogo, ule mlio wa mtu mzito kidogo anayekaa vizuri ili asikilize. Hakukuwa na mtu. Watu wote walikuwa nyuma yake, feni ilikuwa mbali. Alijua, kama unavyojua mama yako ameingia jikoni kabla hujageuka, ni nani aliyekaa pale na funguo mapajani, anangoja neno.

"Kipimo ni nini?" Mkufunzi akauliza.

"Samahani," akasema Darubini. "Naomba nikanywe maji."

Akatoka. Korido ilikuwa na mtungi wa maji ya kunywa na vikombe vya karatasi. Alijaza kimoja, akakitazama, akashindwa kukinywa.

Siku ya tatu wakaingizwa mmoja mmoja kwenye chumba cha kurekodia, kichumba kilichozungushiwa magodoro ukutani, meza moja na kipaza sauti kimoja. Kila mtu alirekodi masimulizi yake ya siku ya mwisho peke yake, mlango umefungwa, halafu akatoka kwenda kusikiliza na Mkufunzi kwenye meza ya nje. Darubini akajikaza. Akasoma kama Mkuu alivyomwandalia: mvua, kisima, tangazo. Alifika kwenye sentensi ya fundisho: "Mwanamke huyo, kwa ukaidi au kwa ujinga, alipuuza tangazo la kitaalamu." Akaweka nukta. Akasubiri kidogo, akabonyeza kitufe, akatoka.

Mkufunzi alivaa hedifoni, akafumba macho kama alivyozoea. Bwana Mbu alikuwa karibu na hedifoni nyingine, akingoja zamu yake na kusikiliza za wengine kwa umbea. Mkanda ukaenda mpaka mwisho. Mkufunzi akafumbua macho. Akaurudisha nyuma, akasikiliza tena pale mwishoni. Akavua hedifoni taratibu.

"Ulikuwa na nani humo?"

"Peke yangu."

"Kuna mtu anakushukuru. Baada ya sentensi ya mwisho. Mwanamke mtu mzima."

Bwana Mbu akasema yeye amesikia feni tu. Wako watakaomwamini Bwana Mbu, na mimi sitagombana nao. Lakini chumba kile hakikuwa na feni, na Mkufunzi alikuwa amesikiliza sauti za watu miaka ishirini.

"Kanywe chai," Mkufunzi akamwambia Bwana Mbu.

"Nimeshakunywa."

"Kanywe nyingine."

Akaondoka akinung'unika. Darubini akakaa. Maneno yakatoka yenyewe: tangazo, simu, mkono wa kushoto, chupa kumi na moja, chanya kabisa. Alikuwa hajawahi kuyasema kwa sauti. Alilia bila kujizuia, kamasi na yote. Mkufunzi hakumshika bega wala hakumpa kitambaa. Alisubiri mpaka amalize.

"Mkuu wako anajua?"

"Simu hajui. Tangazo analijua, alilipitisha yeye."

"Na kesho anakuja kukusikiliza."

"Anakuja."

"Basi nisikudanganye," Mkufunzi akasema. "Ukisoma hii uliyorekodi, unapata cheti, unakuwa msemaji wa maabara, na yule mama anaingia kitabuni kuwa mfano wa mjinga. Watamsoma kila mwaka, maabara zote. Ukisema ile nyingine, hujui utalala na kazi au bila kazi. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kusema. Kuchagua cha kusema sikufundishi."

"Ungekuwa wewe?"

"Sikuwa mimi niliyepokea simu, dada."

Jibu hilo lilimuuma. Alitaka mtu ambebee, na hakuna aliyekubali kubeba.

Siku ya nne ukumbi ulijaa. Wakuu wa ofisi mbalimbali walikaa safu ya mbele, na Mkuu wa maabara alikuwa katikati, amenyoa vizuri, kalamu mkononi. Bwana Mbu alisimulia madume yake, akashangiliwa. Darubini akaitwa. Kile kiti kitupu kilikuwa bado pale mbele, hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Hakukitazama. Alikunja karatasi ya Mkuu mara nne, akaishika mkononi.

"Mwaka jana niliandika tangazo," akaanza. "Niliandika kwamba maji ya kisima ni chanya. Nilimaanisha yana kipindupindu. Msimamizi wa kisima akafikiri nimesema ni mazuri. Na ninyi nyote mliomo humu, mkimuuliza dereva wenu huko nje chanya ni nini, atawaambia ni nzuri."

Mkuu aliacha kuandika.

"Hakukaidi," akaendelea. "Hakupuuza. Alinipigia simu aulize kama neno ni lile lile. Nilikuwa na kazi nyingi na alinichosha. Nikamwambia chanya kabisa. Akanishukuru, akaenda kufungua, akanywa."

"Nadhani muda umekwisha," Mkuu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akimgeukia Mkufunzi.

Mkufunzi akatazama saa yake. "Ana dakika tatu na nusu, mheshimiwa."

Darubini hakuzihitaji zote. Alisema ripoti si ya kweli, na kwamba alilijua hilo siku ilipoandikwa, akanyamaza. Kisha akashuka. Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa afadhali, maana makofi yangemtapisha.

Mkuu alimkuta koridoni. Hakufoka. Watu wa aina yake hawafoki.

"Kitabu kitachapwa bila tukio letu," akasema. "Ripoti imeshafungwa, haifunguliwi kwa hadithi. Wewe nenda likizo mpaka nitakapokuita."

"Utaniita lini, mkuu?"

"Nitakapokuita."

Akaenda zake, viatu vikilia ngazini. Darubini akasimama pale karibu na mtungi wa maji. Alikuwa ameogopa dakika hii karibu mwaka mzima, na sasa imepita, na hata kazi ikienda, alijiambia, angalau kifua kitapumua. Akavuta pumzi. Akaishusha. Na nyuma ya sikio, kwa upole ule ule, bila kupungua wala kuongezeka: asante, mwanangu.

Hapo ndipo alipoelewa upumbavu wake. Alikuwa amekiri mbele ya wakuu wa ofisi, watu wa vyeti, mtaalamu wa mbu. Wenye msiba hakuna aliyewaambia kitu. Mtaani kule bado mwanamke yule alikuwa mkaidi, na angeendelea kuwa mkaidi, kwa sababu ripoti ilikuwa imefungwa. Hakurudi ukumbini kuchukua cheti. Alishuka ngazi, akauliza njia mara mbili, na saa tisa alasiri akafika kwenye nyumba ya matofali yasiyopakwa chokaa, na baraza mbele yake.

Mume wa marehemu alikuwa fundi viatu. Alikaa barazani na aproni ya turubai, kiatu cha mtu kimegeuzwa mapajani, misumari midogo mitatu midomoni. Binti yake mkubwa, mama wa watoto tayari, alikuwa anakunja nguo mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alitoa misumari mdomoni. "Kimekatika wapi?"

"Sikuleta kiatu, baba. Natoka maabara ya maji."

Binti akaacha kukunja. Mzee akamtazama muda, kisha akamwonyesha kigoda. "Kaa basi."

Akakaa. Alikuwa amefundishwa siku nne namna ya kusema, na kama kuna siku ilifaa ni hii.

"Tangazo lililobandikwa kisimani niliandika mimi. Niliandika neno ambalo kwetu lina maana mbaya, kwa watu wengine lina maana nzuri. Mama alilisoma akalielewa kama mtu yeyote angelielewa. Hata hivyo hakufungua. Alinipigia simu kwanza, akaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia ni kweli kabisa. Ndipo akafungua. Kosa ni langu. Nilijua tangu siku ile na sikuja."

Mzee alikuwa hamtazami yeye. Alitazama kiatu.

"Rudia hapo," akasema. "Pa kusoma."

"Alilisoma tangazo, baba."

"Alilisoma au alisomewa?"

"Alilisoma mwenyewe. Alinitajia neno kwenye simu."

Binti alikuwa ameshika shuka kifuani.

"Mke wangu alijifunza kusoma ana miaka arobaini na sita," mzee akasema. "Alikuwa anakwenda darasani jioni na wanawake wenzake, anarudi na chaki kwenye vidole. Akawa anasoma kila kitu. Mfuko wa saruji, boksi la viberiti, anasoma. Nilikuwa namtania, namwambia kariri vizuri, mke wangu, leo umepatia." Akashika nyundo. "Walipokuja na ile ripoti wakasema tangazo lilikuwepo na hakulifuata, nikasema moyoni, basi, kumbe hakuwahi kujua. Alikuwa anatuigizia. Tangazo lilikuwa mbele ya macho yake na hakuona kitu, akaona aibu kuuliza."

"Baba," binti akasema.

"Acha nimalize. Nilikwenda kwa wale kumi na watatu, nyumba kwa nyumba. Niliwaomba radhi. Niliwaambia, msameheni, alikuwa hajui kusoma, alijifanya tu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, kila mlango. Madaftari yake yalikuwa manane, yamejaa. Niliyachoma pale nyuma ya nyumba, nisiyaone."

Darubini alikuwa amekuja akidhani anajua ukubwa wa alichofanya.

Mzee akakiweka kile kiatu chini, taratibu, kama kinaweza kuvunjika. "Kumbe alisoma," akasema, na uso wake ukaharibika. Akasimama.

"Unakwenda wapi na jua hili?" binti akauliza.

"Kwa mama yako."

"Nikusindikize."

"Hapana. Nina mambo ya kumwambia ambayo wewe huna haja ya kuyasikia." Kisha akamgeukia Darubini, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni sawasawa. "Wewe usiondoke. Mimi na wewe tuna maneno, na si maneno mazuri. Lakini siwezi kuanza na wewe."

Akashuka barazani na aproni yake, kichwa wazi, nyundo imesahaulika mkononi, akaifuata njia ya makaburini. Binti aliingia ndani na nguo zake, akarudi, akakaa kizingitini, akawa anamtazama mgeni. Darubini alibaki kwenye kigoda, mikono mapajani. Jua likasogea likamfikia miguuni, naye hakuinuka, akimsubiri mzee arudi amwambie atakalo.